Jinsi ya kupata mikanda ya vitenge ya kuunganishia bila kuumia mfukoni

Wapendwa, ile mikanda ya vitambaa iliyokatwa tayari, inchi mbili na nusu kila mmoja, imeviringishwa vizuri na kufungwa utepe juu, siku hizi ipo kila kona na kila mtu anaitaka. Watu wanashonea mito ya sebuleni, mapochi, vitambaa vya meza, blanketi za vichanga, mpaka bendi za nywele. Mi naita mikanda, fundi wangu anaita vipande, kuna wanaoita tepe, mtanielewa tu. Shida ni bei. Unaona furushi linaenea kwenye kiganja halafu unaambiwa elfu ishirini, unabaki unajiuliza hivi hapa nanunua kitambaa au nanunua kazi ya mkasi? Unanunua kazi ya mkasi dada, tena unailipia haswa.

Mi furushi langu la kwanza nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, mikanda 40 kwa elfu kumi, nikasema leo nimeokota dodo chini ya mnazi. Kimekuja na bodaboda, nafungua, ile ya nje mizuri kweli pamba tupu, kadiri navyokunjua kuelekea katikati nakutana na satini inayoteleza kama kambare, na nilipoweka futi kamba ndo nikachoka kabisa, kila mkanda una urefu wa inchi 22. Kitenge cha kawaida upana wake ni kama inchi 44 mpaka 46, kwa hiyo yule dada alikuwa amekata kila mkanda nusu kwa nusu, mikanda yangu 40 kiukweli ilikuwa 20. Piga hesabu, elfu kumi gawa kwa 20 ni mia tano kwa mkanda mmoja mzima, sawasawa kabisa na wale wa elfu ishirini kwa mikanda 40 niliowakimbia, na hapo satini sijaitoa.

Tangu siku hiyo mtu akinitajia bei ya furushi simjibu mpaka ajibu maswali matatu: mikanda mingapi, upana inchi ngapi, urefu inchi ngapi. Idadi peke yake haina maana yoyote. Chukua bei, gawa kwa idadi ya mikanda ya urefu kamili, unapata bei ya mkanda mmoja, hiyo ndo unalinganisha na kwingine.

Sasa kabla hujatoka na hela jua unahitaji mingapi, maana wengi tunanunua kwa macho. Hii saizi ya inchi mbili na nusu imetokea kwa Wamarekani wanaoshona mablanketi ya viraka, kule kampuni ya Moda inauza roli yao wanaiita Jelly Roll, mikanda kama 40 hivi yenye urefu wa inchi 44. Mshono wao ni wa robo inchi kila upande, kwa hiyo mkanda ukishaungwa unabaki inchi mbili kamili na hesabu inakuwa nyepesi. Huku kwetu wengi tumezoea mshono wa nusu inchi kwenye nguo, ukiuleta huo kwenye mikanda unabaki na inchi moja na nusu tu, yaani kila mkanda umekula robo nzima ya kitu ambacho kingeonekana, na mto uliopanga utoke na vipande 8 vya mkanda sasa unataka karibu 11. Fundi ambaye hajazoea mwambie mapema, mwekee hata alama ya tepu kwenye bamba la cherehani.

Mfano wa mto wa inchi 16, mbele tu. Vipande 8 vya mkanda vilivyolala sambamba, kila kimoja urefu inchi 16 na nusu, vikishaungwa vinatoa inchi 16 na nusu kwa 16 na nusu, ukishona pembeni unabaki na 16 safi. Mkanda mmoja wa inchi 44 unatoa vipande viwili vya urefu huo na inakatika inchi 11 ya ziada (hiyo usitupe, ntairudia). Kwa hiyo mto mmoja unakula mikanda minne, na furushi la 40 ni mito 10. Kama unataka mito minne ya sebule yako, furushi zima la nini? Nyuma ya mto weka kitambaa cha rangi moja, hakuna anayekaa anaangalia mgongo wa mto.

Haya twende kwenye kupata kwa bei chee, na mi nina njia zangu tatu, ntaanza na ile ninayoipenda.

Pisi moja ya kitenge ni yadi 6, yaani inchi 216. Ukigawa kwa mbili na nusu unapata mikanda 86 na kakipande kanabaki. Tuseme pisi umeipata kwa elfu 24, hapo mkanda mmoja umekugharimu kama shilingi 280. Mia tano na 280, tofauti hiyo ndo hela ya mkasi niliyokuwa nasema. Tatizo utakuwa na mikanda 86 ya ua lile lile, na uzuri wote wa hii kazi ni kuchanganya maua. Ndo maana mafurushi yanauzika, mtu analipia mchanganyiko. Sasa mchanganyiko unaupata kwa watu, siyo dukani.

Sisi tuko sita, wote wa kikoba kimoja, kila mtu ananunua pisi moja ya chaguo lake, tunakutana kwa mmoja wetu Jumamosi, kila pisi inakatwa yadi sita, kila mtu anachukua yadi moja ya kila ua. Yadi ni inchi 36, inatoa mikanda 14 na inchi moja inabaki. Mikanda 14 mara maua 6, kila mtu anaondoka na mikanda 84 yenye maua sita tofauti kwa ile ile elfu 24 yake. Na kama mtaenda Kariakoo pamoja mkachukua pisi zote sita kwa mtu mmoja, msikubali bei ya rejareja, semeni mapema tunachukua sita tupe ya jumla. Mtaa wa Uhuru kule maduka ya khanga na vitenge yamepangana, ukitoka hili unaingia lile, kwa hiyo mwenye duka anajua fika mkigeuza mgongo mmeshakuwa wa jirani. Nendeni katikati ya wiki asubuhi, siyo Jumamosi mchana mnasukumana na mikokoteni hamna hata nafasi ya kukunjua kitambaa.

Kitu kimoja kwenye hii ya kuchangishana, kubalianeni rangi kabla. Mara ya kwanza watano wetu tulileta maua makubwa ya kung'aa, njano, machungwa, bluu ya bahari, mmoja akaja na kahawia iliyopooza tukamnunia kimoyomoyo. Kwenye kuunga sasa, yale maua yetu makali yakiwekwa pamoja yanapigana mpaka macho yanauma, ile kahawia ndo ilikuwa inayatuliza. Siku hizi tunapanga wawili walete rangi nzito, wawili za kung'aa, wawili zilizotulia au zenye madoa madogo. Ua kubwa sana sana, lile la feni au la ndege mzima, likikatwa inchi mbili na nusu linakuwa halijulikani ni nini, unabaki na mkia wa ndege na robo ya feni.

Kukata nako kusiwatishe. Kile kisu cha duara na ubao wake ni kizuri ila ni gharama, na bila hivyo kazi inaenda. Kitenge cha pamba kinachanika. Unakata kamkato kadogo pembeni, unashika pande mbili, unachana mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja, kinafuata uzi wake chenyewe na kinatoka kimenyooka kuliko mkasi wangu mimi. Unaongeza tu kidogo, kama robo inchi, maana kingo zinatoa nyuzi na zinajikunja, ukipiga pasi inatulia. Angalizo, kuna vitenge ambavyo ua lake limepigwa limelala upande, ukichana kwa uzi mistari inaonekana imekwenda mrama, hivyo kata kwa rula na chaki. Na satini usijaribu kuchana kabisa.

Njia ya pili ni mafundi, hii ndo rahisi kuliko zote ila inataka adabu. Fundi anayeshona vitenge kila siku ana gunia la mabaki chini ya meza, mengine anajazia mito, mengine anafutia cherehani, mengine yanaishia kwenye taka. Usiende wiki ya mwisho kabla ya Idi au Krismasi, hata salamu hatakuitikia, nenda wiki mbili baadaye gunia limejaa na yeye ametulia. Unaingia, shikamoo mzee, kazi zinaendaje, unakaa kwenye benchi kidogo, halafu ndo unasema shida yako. Mi fundi wangu nampa elfu tatu na soda kwa mfuko mmoja mkubwa wa plastiki niliojichagulia mwenyewe, na kuchagua ndo utamu wenyewe, usikubali kufungiwa. Unachotafuta ni vipande virefu vyembamba, hasa vile vinavyotoka pembeni ya gauni refu na vile vya chini kwenye pindo, vile vya pembetatu vya kwapani na shingoni mwachie. Mafundi wa sare za harusi ni dhahabu maana kitambaa kimoja kimeshonwa nguo ishirini, unapata mabaki ya ua moja ya kutosha kabisa.

Hapa niseme tu ukweli, hayo mabaki kwa sheria ya moyo ni ya mteja mwenye kitambaa. Wote tunajua ugomvi wa fundi na vitambaa vya watu. Muulize kama wenyewe wameshayaacha, na wewe ukipeleka kitenge chako kushonwa sema kabisa fundi mabaki yangu naomba, tena mwambie akate nguo zikiwa zimesogezwa upande mmoja ili yabaki mapande marefu badala ya vipande vipande. Gauni la kawaida la mtu wa wastani kwenye yadi 4 huwa linabakiza kitu.

Ya tatu ni mitumba, na hapa sizungumzii magauni, nazungumzia mashuka na mashati ya kiume makubwa. Shuka la pamba hata ukipata sehemu nzima ya inchi 60 kwa 90 tu, hiyo ni mikanda 36 ya urefu wa inchi 60, mirefu kuliko ya kitenge, na rangi zake za kupoa poa zinachanganyika vizuri na vitenge vyetu vyenye kelele. Lishike shuka juani uliangalie, katikati pale mtu alipolala huwa pamechakaa, mwanga unapita kama kwenye chandarua, hapo pakwepe, chukua pembeni na miguuni. Mashati ya mistari mgongo wake na mikono vinatoa mikanda mifupi ya kama inchi 20 hivi, inatosha kwa mto kabisa. Karume na Ilala belo likifunguliwa asubuhi bei iko juu kwa sababu wanaochagua wa kwanza ni wenye maduka, wewe hutafuti shati la kuvaa kwa hiyo doa la kola, kifungo kilichokatika, zipu mbovu havikuhusu, nenda jioni wakati vimeshakuwa vya kumwaga chini, vya buku na vya jero, inama ufukue. Ukiulizwa kwa nini wewe unachukua mashati yaliyochanika usiseme unashonea mito ya kuuza, bei itapanda palepale.

Kuna pia wanaouza mabaki kwa kilo. Sijakataa, ila kilo ina hila zake, jinzi na vitambaa vizito vinajaza mizani haraka na unatoka na vipande vichache, na mzigo ukiwa na unyevu unalipia maji. Ingiza mkono mpaka chini ya gunia.

Sasa na ukiamua kununua yaliyokatwa tayari, maana kuna siku mtu una haraka au unataka maua mengi kwa zawadi moja tu, kagua hivi. Pima upana sehemu tatu, mwanzo, kati, mwisho, siyo mkanda wa juu tu, vuta na wa katikati ya furushi. Kama kingo zimekatwa na mkasi wa meno meno uliza wamepima kutoka kwenye ncha ya jino au kwenye shimo lake, ukikosea hapo mishono yote inakosea. Halafu kunjua mkanda mmoja mzima uuweke mezani, angalia pale katikati palipokuwa na kunjo. Kama kitambaa kilikunjwa vibaya kabla ya kukatwa mkanda unatoka umepinda kama kiwiko, na huo haunyooki hata uupige pasi mpaka kesho, itabidi upunguze upana.

Pamba au siyo pamba? Chomoa nyuzi mbili tatu uzichome na kiberiti, nje, siyo juu ya furushi jamani. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na majivu yake yanasagika kwenye vidole, poliesta inajikunyata, inanuka plastiki na inaacha kajiwe kagumu. Muuzaji akikataa usichome uzi mmoja basi jibu umeshapata. Geuza upande wa nyuma, kitenge kizuri cha wax (kilichochapwa kwa nta) rangi zinakaribiana pande zote mbili, kile cha kuchapa upande mmoja nyuma kinakuwa kimefifia, siyo kibaya kwa mto, ila kisiuzwe kwa bei ya wax. Na usibabaishwe na maandishi ya pembeni, Vlisco ya Uholanzi inaigwa kupita maelezo, jina lake limeandikwa mpaka kwenye vitambaa vya bei ya karanga. Kisugue katikati ya vidole, kikianza kutoa unga mweupe na kulegea ujue ulikuwa unashika wanga, ukifua kinabaki kama bendeji.

Kuhusu kuchuja rangi, lowesha leso nyeupe au hata tishu, sugua kwenye rangi nyekundu au ile bluu nzito, ikitoka kwenye tishu itatoka na kwenye mkanda mweupe wa jirani. Bibi zetu walikuwa wanaloweka khanga mpya kwenye maji ya chumvi, na mi nimefanya sana, ila kwa vitambaa hivi vya kiwandani chumvi haizuii kitu, rangi iliyokuwa ya kutoka inatoka tu. Cha maana ni kusuuza mpaka maji yawe meupe.

Khanga nayo inafaa, nyepesi na bei yake ya doti iko poa, ila ina mambo yake. Pindo ni zuri sana kwa mikanda ya pembeni ya kitambaa cha meza, mji wake unatoa mikanda mipana, tatizo ni jina. Mi nilikata bila kusoma, nikashona mto, nikampelekea mama mkwe. Jina lilikuwa refu linaanzia upande wa kushoto, mkasi wangu ukakata baada ya maneno mawili, mto ukabaki umeandikwa WIVU WAKO. Mama akauweka kwenye kochi akaukalia, hajasema kitu mpaka leo. Jina likate zima au lisionekane kabisa.

Ukinunua mtandaoni mwambie akutumie picha ya mkanda mmoja umekunjuliwa wote pembeni ya futi kamba, video ya kukunjua furushi ndo bora zaidi, maana picha ya furushi lililofungwa ni mbuzi kwenye gunia. Uliza gharama ya kutuma kabla ya kusema nachukua, furushi la elfu nane na bodaboda ya elfu tano siyo la elfu nane tena, subiri mpate watatu mtumiwe kwa pamoja. Zile roli za kutoka Marekani ni nzuri kweli lakini ukiongeza usafiri na ushuru ni bora umwombe ndugu anayekuja likizo akuwekee moja kwenye begi, haifiki hata kilo.

Ikifika nyumbani mikanda usiitupe kwenye mashine ya kufulia, itatoka imesukana kama mswaki wa zamani. Kitambaa ambacho hakijakatwa fua kwanza kabla ya kukata, maana pamba inarudi kidogo. Kilichokatwa tayari tia kwenye foronya, funga mdomo, loweka kwa mkono kwenye beseni, kamua taratibu bila kusokota, anika kivulini mmoja mmoja, halafu pasi kingali na unyevu.

Na vile vipande vya inchi 11 nilivyosema msitupe, unga viwili kwa urefu, ingiza lastiki ndani, ni kibanio cha nywele, wanafunzi wa chuo wanavimaliza kwa buku buku kabla hata mito haijapata mteja.